Jamvi Katikati ya Boti

Ninyi vijana mlionipokea upondo wa kusukumia boti pale kivukoni mmenisumbua tangu nilipostaafu kwamba niwaandikie mambo ya kazi, kwa kuwa kati ya wote walioanza na boti lile nimebaki mimi peke yangu. Haya, nimekaa, goti nimelinyoosha, naandika. Herufi nilifunzwa na watu wa misheni nikiwa tayari mtu mzima mwenye mke, kwa hiyo mtazivumilia. Sitawaambia nililipwa nini wala nilifanywa msimamizi lini, maana mambo hayo hayakunisaidia kuvusha hata mbuzi. Nitawaambia habari za upondo, habari za mtu aliyenifundisha kuushika, na habari za lile jamvi lililokunjwa kibandani ambalo ninyi hulikalia wakati wa kula. Jambo la kuchekesha mtalikuta moja tu, la mtu wa Bujonde.

Kabla ya boti, watu walivuka Mto Kiwira kwa miguu, pale chini kwenye mchanga ambapo maji hutawanyika. Kiangazi yalifika mapajani. Masika yalifika kifuani, na mwanamume alishika fimbo ndefu, akafunga nguo yake kichwani, akaingia. Wanawake na watoto walivushwa kwa mtumbwi mdogo. Mamba walikuwepo, kama walivyopo sasa. Kila mwaka mto ulichukua watu, na kila mwaka waliobaki waliusifu kama vile mtu anavyomsifu ng'ombe dume mkali wa jirani.

Wazungu walipokwisha kujenga boma lao kule ufukweni mwa ziwa, walitaka mizigo yao ivuke bila kulowana. Wakaleta seremala, akaunda boti pana lenye tumbo bapa na mabenchi mawili yaliyoelekeana. Siku lilipotiwa majini, askari alisimama juu ya kichuguu akatangaza kwamba boti hili ni la watu wote, mkubwa na mdogo, mwanamume na mwanamke, na kila mtu atakaa popote apendapo. Alidhani ametuletea habari njema. Wazee waliosikiliza waliangaliana, wakasema "ndaga" kwa adabu, kama tunavyoshukuru hata kitu tusichokitaka, kisha wakashuka mchangani wakavuka kwa miguu.

Yule mwenzenu aliyetoka mbali ameniuliza mara nyingi kwa nini watu wazima wa kwetu hawapendi boti. Nimjibu hapa mara moja. Kwanza, kwetu mtu hubebwa akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake, au akiwa mgonjwa, au akiwa maiti. Mwanamume mwenye mifugo yake akikaa juu ya benchi na miguu yake mizima huku mwingine anamsogeza mbele, watu husema "amebebwa", na neno hilo likishakushika haliondoki. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni ile heshima tunayoiita ukutila. Mke wa mwanao hakuoni na wewe humwoni. Hataji jina lako. Akikusikia unakohoa njiani anajitupa majanini na kujifunika nguo mpaka upite. Hiyo ni sababu mojawapo ya vijana waliooa kuwa na kijiji chao na baba zao kuwa na chao. Sasa fikiria mabenchi mawili yanayoelekeana, magoti kwa magoti, katikati ya mto, mahali ambapo hakuna majani ya kujitupa.

Mimi niliajiriwa kwa sababu nilikuwa mrefu. Nilikuwa na mke wangu, Sekela, na mtoto wetu wa kiume aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, na tulikaa na wenzangu wa rika moja upande huu wa magharibi. Baba yangu, Katobe, alikaa na wazee wenzake upande wa mashariki, juu kidogo ya mto, kwenye migomba ile inayoonekana ukisimama kivukoni. Nilipomwambia nimepata kazi kwenye boti la boma aliuliza, "Wewe ndiye utakayebeba, au ndiye utakayebebwa?"

"Nitabeba, Tata."

"Basi si vibaya," akasema, akaendelea kuchonga mpini wake wa jembe.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mkisi kutoka ufukweni, mtu mfupi mwenye kifua kama pipa. Tulimwita Mbasa, kwa jina la samaki, kwa kuwa alimla kila alipompata na alimzungumzia kila alipomkosa. Mke wake alifinyanga vyungu, naye Mbasa alikulia kwenye mitumbwi inayopeleka vyungu sokoni. Siku yangu ya kwanza nilichomeka upondo kwenye matope kwa nguvu zangu zote, boti likaenda, upondo ukabaki, nami nikabaki nao, nikining'inia katikati ya mto kama popo. Wanawake wa Kikisi waliokuwa botini na vyungu vyao walicheka mpaka chungu kimoja kikapasuka. Mbasa hakucheka. Alirudisha boti taratibu, akaniambia, "Ukiusukuma mto, nao utakusukuma. Wewe gusa chini, egemea, halafu uachie kabla matope hayajakushika. Egemea, achia. Basi." Hiyo ndiyo kazi yote, vijana. Nimeifanya maisha yangu yote na sina la kuongeza.

Abiria wetu wa miaka ile ya mwanzo walikuwa hao wanawake wa vyungu, ambao huuza chungu kwa nafaka ya kukijaza, pamoja na wapagazi, watoto, wagonjwa, na wafanyabiashara wageni. Wanaume wa kwetu, hakuna. Walisimama kando wakatutazama tukivuka, kisha wakatupita chini kule mchangani wakiwa wamelowa na wameridhika. Wachache waliobatizwa walijaribu kupanda, maana misheni iliwaambia hakuna ubaya. Walipofika ng'ambo, watoto waliwafuata barabarani wakiwauliza kama wameshaachishwa kunyonya.

Mtu wa Bujonde ndiye aliyepata njia. Alikuwa mzee mwenye ng'ombe wengi na baridi yabisi kwenye nyonga, na mto ulikuwa umeshamshinda. Akaja asubuhi moja na vijana wake wamebeba mikungu ya ndizi. Akalala chali kwenye sakafu ya boti, vijana wakamfunika jamvi la matete, na juu ya jamvi wakapanga ndizi. Akavuka kama mzigo. Akawa anafanya hivyo kila siku ya soko. Watu wote botini walijua, na hakuna aliyejua. Siku moja mzigo ulipiga chafya katikati ya mto. Mama mmoja mwenye vyungu akatazama angani akasema, "Naona mvua itanyesha," na sisi wote tukakubali kwamba kweli, dalili zipo. Mbasa alilazimika kugeuka nyuma ili tusione anavyocheka.

Lakini jambo hilo ndilo lililompa Mbasa wazo. Yeye ni Mkisi, heshima ya kwetu aliifahamu kwa kuitazama tu. Akaniambia, "Ikiwa mzee anakubali kupita chini ya jamvi, si atakubali kukaa nyuma yake?" Akasimamisha fito mbili katikati ya boti, akatundika jamvi kati yake, kutoka benchi hadi benchi. Mbele wakakaa wanawake, nyuma wanaume. Nami nikaongeza kazi yangu. Kila mwanamke aliyeshuka kivukoni nilimuuliza, "Wewe ni mke wa nani, kwa nani?" Nikishajua, nilitazama wanaume waliosimama, na kama mkwe wake yumo nilimwambia mmoja wao angoje zamu nyingine. Hakuna aliyenikasirikia, kwa kuwa kuuliza lilikuwa jukumu langu. Nilizijua ndoa za pande zote mbili za mto kuliko wachungaji.

Wanaume wakaanza kupanda. Si wengi. Mmoja alipanda kwa sababu ya kidonda, mwingine akapanda kwa kuwa yule mwenye kidonda hakufa kwa aibu. Nilikuwa na furaha siku zile, niseme wazi. Nilidhani jambo limekwisha, na kwamba kilichobaki ni baba yangu tu.

Maana baba alikuwa anazeeka, na kila siku chache alivuka kuja upande wetu kumtazama mtoto wangu. Sikuzote alikuja kwa miguu, pale mchangani, na sikuzote nilimwona kutoka kwenye boti akiingia majini na fimbo yake. Sijui kama mnajua ilivyo kumtazama baba yako mzazi akiyumba kwenye maji huku wewe umesimama pakavu juu ya mbao, ukivusha vyungu. Mtoto nilimpa jina la baba, Katobe, kama ilivyo desturi. Mama yake hakuweza kulitamka jina hilo, basi yeye alimwita Gwamaka. Na baba alikuwa amejifunza kwa askari mmoja wa pwani neno la Kiswahili linalomaanisha mtu wa jina lako, neno pekee la Kiswahili lililompendeza. Alisimama nje ya ua, Sekela akijificha ndani, akaita, "Somo!" Mtoto akatoka mbio akijibu, "Somo!" Wakaondoka kwenda kutazama ndama. Ilikuwa hivyo kila mara, na nikikumbuka sauti zile mbili napata shida kuendelea kuandika.

Masika moja mvua ilinyesha bila kukoma. Mto ukawa mwekundu, ukabeba migomba mizima na mizizi yake. Ndipo akafa upande wetu mzee mmoja wa rika la baba, rafiki yake wa tangu kuchunga pamoja. Kwetu mwanamume haachi kwenda kwenye maziko ya mwenzake wa rika. Asipoonekana akicheza ngoma pale kaburini na mkuki wake, watu watasema alikuwa na chuki na marehemu, na pengine watasema zaidi ya hayo. Nilivuka jioni kwenda kumsihi.

"Tata, mto umejaa. Kesho panda boti."

"Nimeuvuka mto huu kabla hujazaliwa."

"Ulikuwa na magoti mengine."

Akacheka kidogo kwa hilo. Nikamweleza habari ya jamvi. Nikamwambia boti litakuwa tupu, nitakuja kumchukua mwenyewe alfajiri, na hakuna atakayeona isipokuwa mimi na Mbasa. Alikaa akichokonoa moto. Mwishowe akasema, "Nitapanda, kwa ajili ya yule aliyekufa. Lakini litakuwa tupu."

"Litakuwa tupu, Tata."

Asubuhi mimi na Mbasa tulivuka mvuani. Mbasa akabaki na boti, mimi nikapanda migombani kumchukua baba. Nilimkuta amejipaka mafuta, amevaa kengele zake za miguuni, ameshika mkuki. Tulishuka polepole kwa sababu ya utelezi. Ngoma za maziko zilisikika kutoka ng'ambo, na alikuwa akizifuatisha kwa kichwa.

Sasa nisikilizeni. Sekela siku chache kabla alikuwa amekwenda upande huo huo wa mashariki kumuuguza mama yake, na mtoto alikuwa naye. Nilijua hilo, na nilijua pia kwamba angekaa huko mpaka mvua ipungue. Lakini mama yake alipata nafuu, naye akaona aibu kukosa maziko ya jirani yetu, akashuka mtoni nikiwa nimekwisha kupanda migombani. Alimkuta Mbasa peke yake. Mbasa akaona mwanamke amelowa na mtoto anatetemeka. Akawaweka mbele, upande wa pili wa jamvi, akawaambia wanyamaze, mzee atakaa nyuma, hawataonana. Sekela alimuuliza, "Mzee gani?" na Mbasa, ambaye kwao jina la mkwe ni jina tu, akamjibu, "Mzee fulani anakwenda mazikoni." Alidhani ametumia akili. Hakutaka kumtia mwanamke wasiwasi.

Tulipofika, boti lilionekana tupu. Jamvi lilikuwa mahali pake. Nilinyoosha mkono kumshika baba, akausukuma kando.

"Nitaingia mwenyewe."

Akatia mguu wa kulia ndani ya boti. Kengele zikalia. Niliona mguu ule juu ya mbao, wenye matope na mafuta, nikajisemea moyoni kwamba sasa ameingia, sasa yamekwisha. Halafu akakohoa, kikohozi chake kile kifupi.

Kutoka nyuma ya jamvi sauti ikasema, "Somo!"

Na mkono mdogo ukashika ukingo wa jamvi na kulivuta.

Baba hakutazama. Nataka mjue hilo, maana baadaye watu walisema alimwona. Aligeuza uso papo hapo, akauondoa mguu botini. Mbasa akaanza kusema haraka haraka, "Mzee, wapo nyuma ya jamvi, hujamwona, naye hajakuona, kaa tu!"

"Wewe Mkisi," baba akasema kwa upole kabisa, akiwa ametugeuzia mgongo, "hili si jambo la macho. Ubao mmoja utatuchukua sote wawili. Nikae ubao mmoja na mke wa mwanangu?"

Akaanza kutembea kando ya mto, kuelekea chini, kule mchangani.

Nilimkimbilia. Na wakati nakimbia nilisikia nyuma yangu kishindo cha maji. Sekela alikuwa ameruka kutoka botini kwa upande wa mtoni, mtoto mgongoni, nguo imefunika kichwa, akajikokota kwenye matope hadi kwenye matete na kujilaza humo, ili mkwe wake apate nafasi ya kupanda. Nikapiga kelele, "Tata, ameshatoka! Hakuna mtu! Ni tupu!" Na lilikuwa tupu kweli. Yeye alikuwa amelikimbia kwa ajili ya baba, na baba alikuwa amelikimbia kwa ajili yake, na boti limekaa pale na mabenchi yote mawili yananyeshewa mvua. Lakini mto ulikuwa unaunguruma na baba tayari alikuwa amefunga nguo kichwani. Nilimfikia maji yakiwa kiunoni mwake. Nilimshika mkono. Akanitazama kama mtu anayemtazama mwanawe akifanya utovu wa adabu mbele za watu, na mkono wangu ukaachia. Akapiga hatua, na mkuki kama fimbo, na hatua. Nilikuwa nyuma yake. Kisha mgomba ukaja na maji, nikaona mkuki juu, halafu sikuona kitu.

Walimpata wavuvi wa Kikisi karibu na mdomo wa mto, kwenye matete, mahali ambapo takataka zote za masika huishia. Mimi na Mbasa tulikwenda kumchukua na boti. Tulimlaza katikati na kumfunika jamvi, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine.

Nilitegemea jambo moja kutokana na kifo kile. Nilidhani wanaume watasema, tazama alivyokufa mtu, haifai tena, tupande. Nilisimama kaburini nikingoja mtu aseme. Akasimama mzee wa rika lake, akachomeka mkuki chini, akasema, "Katobe amekwenda kwa miguu yake!" na wanaume wote wakaitikia. Likawa ndilo neno la siku ile. Vijana wa umri wangu, ambao wiki mbili nyuma nilikuwa nimewavusha nyuma ya jamvi na vidonda vyao, waliitikia kwa nguvu kuliko wengine. Kuanzia siku ile hakupanda hata mmoja. Yule wa Bujonde naye aliacha kuwa mzigo, akawa hatoki tena kwake mpaka alipokufa.

Boma lilisikia. Badala ya kuuliza kulikoni, likatoa amri kwamba kila mwanamume apande boti, na askari akawekwa pale mchangani na kiboko. Basi ikawa watu wanapanda askari akiwepo na wanaingia majini akienda kula. Wafungwa wa minyororo nao walivushwa kwa boti lile lile. Kama mtu alikuwa anatafuta namna ya kuwafanya watu wazima walichukie boti milele, hakuna ambayo ingepita hiyo. Baada ya muda askari aliondolewa, lakini jina la boti la minyororo likabaki, na hata leo mnalisikia.

Mbasa hakudumu. Kila siku alirudia maneno yale yale akiwa ameshika upondo: "Alikuwa nyuma ya jamvi. Hakumwona." Nilimwambia simlaumu, na ni kweli sikumlaumu. Asubuhi moja aliegemeza upondo wake kibandani, akasema anarudi ufukweni kumsaidia mke wake kuchimba udongo wa vyungu, maana udongo hauna wakwe. Tuliagana pale pale. Ni yeye aliyekunja jamvi.

Na Sekela. Watu hawakumtukana. Aliniambia hivyo mwenyewe, akiwa anatwanga: "Hawanisemi. Nikifika kisimani wananyamaza, nikiondoka wanaendelea. Afadhali wangenipiga." Nilimwambia yatapita. Nilimwambia aliruka botini, alijilaza matopeni, ameonyesha heshima kuliko mwanamke yeyote wa pande hizi. Akaniuliza, "Sasa imemsaidia nini?" Akavumilia mpaka mavuno, kisha akarudi kwao. Mtoto alibaki kwangu, kama sheria yetu ilivyo. Nilimvusha Sekela mwenyewe siku ile, yeye peke yake botini, amekaa mbele na mgongo amenigeuzia. Tulipofika ng'ambo akasema "ndaga", akashuka. Nililia nikirudi, na niliweza kulia kwa sauti kwa sababu, kama kawaida, boti lilikuwa halina mtu.

Miaka mingine yote iliyofuata ilikuwa kazi tu. Egemea, achia. Nimevusha vyungu, mpunga, mizigo ya boma, na sasa karibuni mizigo ya vita inayokwenda Songwe. Nimewavusha wanawake na watoto wasiohesabika. Na kila masika nimesimama juu ya mbao pakavu nikitazama wanaume wakiingia mchangani, na nimewatafuta kwenye matete ya mdomo wa mto wale ambao hawakutokea ng'ambo. Nilikuwa nikiwaita, mwanzoni. Mnakumbuka, ninyi mlionikuta, kwamba nilikuwa nimeacha kuita.

Kilichonifanya niandike haya leo ni jambo ambalo baadhi yenu mliliona, na sitaki mlizungumze vibaya bila kulijua. Mwanangu Katobe alioa, akajenga upande ule wa mashariki, karibu na migomba ya babu yake. Alipata mtoto wa kiume, akampa jina langu. Halafu watu wa vita wakamchukua kubeba mizigo, na hatujui alipo. Mtoto bado ananyonya, hawezi kuletwa bila mama yake, na mama yake ni mke wa mwanangu. Mimi nina goti ambalo halivuki mchanga ule hata kiangazi. Basi nikasema, mimi ni mtu wa boti. Niliwasihi watu wa rika zote wapande. Nitapanda, nitakwenda kusimama nje ya ua, ataletwa na jirani, nitamwona somo wangu.

Nilishuka kivukoni siku ya soko. Ambakisye alikuwa na upondo, akaniita kwa furaha.

"Ugonile, Baba! Leo unakuja kututazama kazi?"

"Leo nataka kuvuka."

Akacheka, akasafisha benchi kwa mkono wake. "Panda, Baba, nafasi ipo. Kuna mama mmoja tu anayerudi kutoka sokoni."

Nilimwona. Alikuwa amekaa mbele na kapu lake, na mara aliposikia sauti yangu alivuta nguo juu ya kichwa na kugeukia mtoni. Mgongoni alikuwa na mtoto, somo wangu. Kijiguu kimoja kilitokeza kwenye mbeleko, kinapigapiga hewani. Kilikuwa umbali wa upondo mmoja kutoka nilipokuwa.

"Nitalitundika lile jamvi, kama ni hilo," Ambakisye akasema, akaelekea kibandani.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Liache. Nendeni tu. Nitangoja zamu nyingine." Nilikuwa nimekwisha kugeuza uso. Na kabla sijamaliza nikasikia kishindo cha maji nyuma yangu, kishindo nilichokijua, nikajua ameshuka kwa upande wa mtoni. Nilipanda ukingoni kwa haraka kadiri goti lilivyoniruhusu, nikipaza sauti kwamba nimeondoka, arudi apande, na sikuthubutu kutazama kama amenisikia.

Mtaniuliza kwa nini nisivuke siku nyingine. Nimeshuka siku nyingine, vijana. Daima kuna mwanamke ndani aliyejifunika, na simjui ni wa nani. Zamani ningemuuliza. Ndiyo ilikuwa kazi yangu kuuliza. Sasa mimi ni mzee tu aliyesimama kivukoni, sina haki ya kumuuliza mke wa mtu chochote, basi narudi nyumbani.

Kwa hiyo mkinitambua pale juu asubuhi, msinipungie mkono na msiniite. Endeleeni na kazi. Gusa chini, egemea, achia. Jirani aliyevuka jana ameniambia somo wangu ameota meno mawili.